TAHARIRI: Gurudumu jepesi halikupi mbio, linakupa udhibiti

Ukipita barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, pale vipuri vinapouzwa duka baada ya duka, hutakosa kumwona kijana amesimama mlangoni, macho yameganda kwenye rimu zilizoning'inizwa juu. Kuna nyekundu, kuna za rangi ya dhahabu, kuna nyeusi zenye mstari wa kijani. Muuzaji hana haja ya maneno mengi. Anachomoa moja, anaiinua kwa vidole viwili na kusema: "Shika hii, boss. Nyepesi kama karatasi. Ukiweka hizi, nduthi yako itapaa."

Kijana anashika. Kweli ni nyepesi. Mfukoni ana doo alizoweka kidogo kidogo kwa miezi, doo za kubeba abiria mvua ikinyesha na jua likiwaka. Akizitoa hapo, zimeenda.

Tahariri hii tunamwandikia kijana huyo, na huenda ni wewe. Hatukuandikii kukukataza. Muuzaji hajakudanganya kabisa: gurudumu jepesi lina faida, na ni faida ya kweli. Lakini faida kubwa si ile anayokutajia. Na wepesi anaokuuzia huenda usiwe ule unaouhitaji. Kabla hujafungua pochi, tuelewane kwanza ni nini hasa unachonunua.

Kumbuka rimu na kijiti

Rudi utotoni kidogo. Wengi wetu, mtaani au kwa nyanya kijijini, tulikimbiza rimu kuukuu ya baiskeli kwa kijiti. Ilianza kukimbia mara tu ulipoigusa. Ukitaka ipinde kona, unaigusa ubavuni na inakutii. Ukitaka isimame, inasimama.

Kisha akatokea yule mwenzenu aliyeokota tairi la gari. Aliona fahari, lakini kulianzisha ilikuwa kazi. Alisukuma kwa mikono yote miwili mpaka likashika kasi. Likishashika kasi, kulipindisha ilikuwa balaa, na kulisimamisha ndiyo usiseme: lilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye ua la watu.

Mambo yote matatu tutakayoyazungumzia leo, yaani kuondoka, kupinda na kusimama, ulishayajua ukiwa na miaka saba. Kilichobaki ni kuyahamishia kwenye pikipiki.

Gurudumu la pikipiki hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Linasonga mbele pamoja na pikipiki yote, na pia linajizungusha lenyewe. Kiti kinasonga tu. Tangi linasonga tu. Wewe na abiria wako mnasonga tu. Gurudumu peke yake ndilo lenye kazi ya ziada, kwa hivyo injini hulilipia mara mbili: nguvu ya kulisogeza, na nguvu ya kulizungusha.

Hesabu yake ni ya fizikia ya sekondari. Uzito ulio pembeni kabisa mwa gurudumu, pale tairi linapogusa lami, unahitaji nguvu ya kuuongezea kasi mara mbili ya uzito huohuo ukiwa umefungwa kwenye fremu. Kadiri uzito unavyokaribia katikati, kwenye habu, ndivyo malipo hayo ya ziada yanavyopungua. Kwa hivyo kilo moja ya tairi na ukingo wa rimu ni kama kilo mbili za mzigo. Kilo moja ya habu ni kilo moja na chenji kidogo.

Hapa ndipo muuzaji anapopata lile neno lake la kupaa. Naam, sasa tumpigie hesabu.

Mbio zenyewe ni chenji tu

Tuseme pikipiki yako ina kilo 120, wewe una kilo 70 na abiria ana kilo 70. Jumla ni kilo 260. Umenunua rimu mpya, na kila gurudumu limepungua kilo moja, yote kutoka ukingoni. Umeokoa kilo mbili ambazo, kwa sababu ya mzunguko, injini itazihisi kama kilo nne.

Kilo nne kati ya 260 ni takriban asilimia moja na nusu. Kama ulikuwa unachukua sekunde 10 kutoka kwenye taa mpaka kasi fulani, sasa utachukua sekunde 9.85 hivi. Hakuna mtu atakayeihisi tofauti hiyo kwa makalio. Ukimbeba abiria aliyekula vizuri, faida yote imekwisha.

Halafu kuna jambo lingine ambalo hutaambiwa dukani. Uzito wa gurudumu hauna maana yoyote kwa kasi ya juu kabisa ya pikipiki. Ukishafika kasi yako ya mwisho kwenye barabara tambarare, injini haipigani tena na uzito wa gurudumu. Inapigana na upepo, ikisaidiana na msuguano wa matairi na cheni. Gurudumu zito hukuchelewesha kufika, lakini halikuzuii kufika. Kwa hivyo mtu akikwambia rimu nyepesi zitaongeza kilomita 20 kwenye kasi ya juu ya nduthi yako, mwambie asante na uende duka la pili.

Na mafuta je? Mjini, ambako kazi yako ni kuondoka na kusimama kutwa nzima, utaokoa kidogo kila unapoondoka. Barabara kuu, ukienda kasi moja, tofauti utaitafuta kwa tochi. Upepo sahihi kwenye tairi na cheni iliyopakwa mafuta vitakuokolea zaidi, na havikudai maelfu.

Basi kama si mbio wala mafuta, kwa nini watu wanaojua pikipiki huhangaika hivi na uzito wa magurudumu?

Pale shimo linapotokea

Jibu liko chini ya shoki.

Pikipiki ina sehemu mbili. Kuna ile inayobebwa na springi: fremu, injini, tangi, wewe, abiria na mzigo. Kuna na ile isiyobebwa na springi: magurudumu, matairi, breki za magurudumuni na sehemu ya chini ya shoki. Sehemu hii ya pili ndiyo inayokutana na barabara. Likija tuta, ni lazima ipande. Likija shimo, ni lazima ishuke. Kazi ya shoki ni kuliruhusu gurudumu lipande na kushuka huku wewe ukibaki umetulia, na zaidi ya hapo, kulirudisha gurudumu chini upesi ili tairi lisiache lami.

Sasa fikiria gurudumu zito. Limegonga tuta, limerushwa juu. Kwa sababu ya uzito wake, halitaki kusimama huko juu, na springi inatumia muda kulisukuma lirudi. Kwa kitambo hicho, tairi liko hewani au limegusa lami kidogo tu. Na tairi ambalo haligusi lami halina breki, halina kona, halina chochote. Ni pambo linalozunguka.

Hapa hesabu inageuka. Kule kwenye mbio, kilo yako moja ilikuwa inashindana na kilo 260. Huku kwenye shimo, inashindana na gurudumu lenyewe. Kama gurudumu pamoja na tairi lake lilikuwa na kilo 10, ukitoa kilo moja umetoa sehemu moja kati ya kumi ya uzito wa gurudumu ambao shoki inahangaika nao. Hiyo si chenji. Hiyo utaihisi kwenye viganja siku ya kwanza utakayopita barabara iliyochimbika. Gurudumu linafuata barabara badala ya kuirukia. Usukani unatulia. Abiria haruki. Muhimu kuliko yote, ukikanyaga breki katikati ya mashimo, kuna tairi lililoshika lami la kuisikiliza breki hiyo.

Barabara zetu unazijua. Ukiendesha Eastlands, Kisauni au Kondele, hujawahi kupita dakika tano bila tuta au shimo. Kwa hivyo faida ambayo muuzaji haitaji ndiyo inayokufaa wewe kuliko mtu anayeendesha kwenye lami laini ya ng'ambo.

Kona na breki

Kuna faida ya pili. Siku moja jaribu hili na rafiki: chukua gurudumu la mbele la baiskeli, lishike kwa mikono miwili kwenye ncha za ekseli, kisha mwambie rafiki yako alizungushe kwa nguvu. Sasa jaribu kuliinamisha upande. Litakukatalia. Linakusukuma kwenda upande usioutaka, kana kwamba lina uhai. Kadiri linavyozunguka kasi, na kadiri ukingo wake ulivyo mzito, ndivyo ukaidi huo unavyozidi.

Pikipiki yenye rimu ya inchi 17 na tairi la kawaida la boda, ikienda kilomita 60 kwa saa, kila gurudumu linajizungusha takriban mara tisa kwa sekunde moja. Ukaidi huo ndio unaosaidia kuituliza pikipiki ikiwa kwenye mwendo, na ni mzuri kwa kiasi. Lakini matatu ikikuingilia ghafla na ukahitaji kuihamisha pikipiki kushoto kwa kufumba na kufumbua, gurudumu jepesi linakutii mapema. Kwenye mbio za pikipiki kama MotoGP, ambako kona hufuatana kushoto na kulia bila kupumua, hiyo ni sababu mojawapo ya timu kutumia rimu za magnesiamu, metali nyepesi kuliko alumini.

Breki nayo inafaidi. Unapovunja mwendo, breki haisimamishi pikipiki tu. Inasimamisha na mzunguko wa magurudumu. Uzito ukipungua ukingoni, kazi ya breki inapungua kidogo. Usitarajie miujiza: kinachoamua utasimama wapi ni mshiko wa tairi kwenye lami. Ila tumeshaona kwamba mshiko huo kwenye barabara mbovu unategemea gurudumu kubaki chini. Mambo haya yameshikana.

Ndiyo maana tunasema, gurudumu jepesi halikupi mbio, linakupa udhibiti. Mbio ni za kujionyesha. Udhibiti ni wa kukurudisha nyumbani.

Wepesi wa namna gani?

Hapa sasa ndipo penye hatari, na ndiyo sababu hasa ya kuandika haya.

Kuna njia mbili za kupata rimu nyepesi. Ya kwanza ni kutumia metali bora na kuitengeneza vizuri. Ya pili ni kupunguza tu metali. Zote mbili zikiwa mkononi mwako dukani, zinaweza kuwa na uzito uleule. Zikiwa kwenye shimo na abiria wawili na gunia la viazi, si kitu kimoja.

Tuanze na metali. Sentimita moja ya mchemraba ya chuma ina gramu 7.85 hivi. Ya alumini ina gramu 2.7. Ya magnesiamu ina gramu 1.74. Usikimbilie kusema alumini itapunguza uzito mara tatu, kwa sababu alumini si imara kama chuma, hivyo rimu ya alumini hutengenezwa nene zaidi. Hata hivyo, ikitengenezwa vyema, inabaki nyepesi.

Pia kuna namna ya kuitengeneza. Rimu nyingi za aloi kwenye pikipiki za bei yetu ni za kumimina: alumini inayeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Rimu za bei ghali hufuliwa, yaani alumini inagandamizwa kwa mashine yenye nguvu kubwa mpaka chembe zake zinashikamana. Ya kufuliwa inaweza kuwa nyembamba na bado ikawa imara. Juu yake kuna za magnesiamu, ambazo huliwa haraka na chumvi na unyevu zikikwaruzwa rangi, kwa hivyo ndugu yangu wa Mombasa zikukae mbali. Na kileleni kuna za nyuzi za kaboni. BMW walipotoa HP4 Race mwaka 2017, pikipiki 750 pekee za kukimbia uwanjani, waliiwekea fremu na rimu za nyuzi za kaboni. Bei yake tuwaachie wenyewe.

Tunakutajia hizo kwa sababu moja. Wepesi wa kweli ni ghali. Kampuni kubwa duniani hutumia miaka na pesa nyingi kutoa nusu kilo kwenye rimu bila kuidhoofisha. Sasa mtu akikuuzia rimu nyepesi kupita kiasi kwa bei ya kutupa, isiyo na jina la kiwanda, isiyo na nambari yoyote, jiulize: huo uzito ulitolewa wapi? Jibu, mara nyingi, ni kwamba ulitolewa kwenye unene wa ukingo na wa mikono ya rimu, palepale panaposhikilia maisha yako.

Alumini dhaifu ina tabia mbaya. Rimu ya chuma ikigonga shimo hupinda, ukaona, ukaenda kwa fundi. Rimu mbovu ya kumimina inaweza kupata ufa mdogo kama unywele, ikakaa kimya wiki nzima, kisha siku moja ikaachia bila kukupigia hodi. Siku hiyo huenda uko Thika Road, na nyuma yako kuna mama aliyebeba mtoto.

Isitoshe, usiamini kila aloi ni nyepesi. Watu wengi wanaamini kwamba ukitoa spoki na kuweka aloi, umepunguza uzito. Si lazima iwe hivyo. Aloi nyingi za kumimina ni nzito kuliko rimu ya spoki ya saizi ileile. Aloi ina faida zake: haihitaji kunyooshwa spoki kila mara, na ile iliyotengenezwa kwa matairi yasiyo na tyubu haiishiwi upepo kwa ghafla ukipata pancha. Spoki nayo ina zake: hunepa kidogo kwenye mashimo, na spoki moja ikikatika unabadilisha hiyo moja. Pikipiki za motokrosi, zinazoruka vilima kutwa, bado zinatumia spoki. Mwenye kutaka wepesi bila kuhatarisha mzigo, rimu ya alumini yenye spoki, ya kiwanda kinachojulikana, ni chaguo la busara kuliko aloi ya kung'aa isiyojulikana ilikotoka.

Anza na kile ambacho hakina bei

Kabla hujanunua chochote, manze, tazama magurudumu uliyo nayo. Tulisema uzito unaoumiza zaidi ni ule wa pembeni kabisa. Pembeni kabisa kuna nini? Kuna tairi. Si rimu.

Vijana wengi wanaotafuta rimu nyepesi ndio haohao waliofunga tairi pana lenye meno makubwa kuliko lile lililopendekezwa na mwenye kuiunda pikipiki, kwa sababu linapendeza. Wameongeza uzito pale unapouma zaidi, kisha wanataka kuupunguza kwa pesa. Rudisha saizi iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki au kwenye kibandiko cha fremu, na utakuwa umepata gurudumu jepesi bila kununua rimu.

Jifunze pia kusoma tairi. Ukiona limeandikwa 3.00-17 50P, maana yake ni hii: upana wa inchi 3, rimu ya inchi 17, uwezo wa kubeba hadi kilo 190, na kasi isiyozidi kilomita 150 kwa saa. Hiyo namba 50 ni ya mzigo. Ikiwa 42, tairi hilo linabeba kilo 150 pekee. Usipunguze namba ya mzigo eti upate wepesi. Wewe unabeba watu.

Upepo nao upime angalau mara moja kwa wiki, tairi likiwa baridi. Tairi lenye upepo mdogo hukokota, hupata moto, na humwacha ukingo wa rimu ugonge shimo bila kinga. Mwambie fundi azungushe gurudumu na kusikiliza beringi. Akague spoki moja baada ya nyingine, na rimu ikiyumba aitengeneze. Gurudumu lililo sawa, hata likiwa zito kidogo, linashinda jepesi linaloyumba.

Mambo mengine usiyafanye hata ukishawishiwa vipi. Usitoboe rimu, habu wala diski ya breki ili kupunguza uzito. Usikubali rimu ya alumini iliyopinda ichomwe kwa moto wa gesi na kugongwa nyundo mpaka inyooke, kwa sababu moto huo unaweza kuua uimara wake hata kama kwa macho inaonekana sawa. Usinunue rimu iliyochomelewa. Usibadilishe kipenyo cha gurudumu kiholela: gurudumu dogo ni jepesi, ndiyo, lakini linazama zaidi kwenye shimo, na kipima mwendo kinachosoma mzunguko wa gurudumu hilo kitakuonyesha kasi isiyo ya kweli.

Na kama unapanga kuhamia pikipiki ya umeme, ongeza swali moja unapoenda kununua: mota iko wapi? Baadhi zina mota iliyofungwa ndani ya gurudumu la nyuma. Huo ni uzito wa kilo kadhaa chini ya shoki, na mashimo yatakukumbusha kila siku. Nyingine zina mota kwenye fremu, na nguvu hupelekwa nyuma kwa cheni au mkanda. Kila moja ina faida zake, lakini sasa unajua tofauti utakayoihisi.

Wengine nao wana kazi

Si haki tukulaumu wewe peke yako. Kijana aliye pale dukani hana njia ya kujua anachokinunua kwa sababu hakuna anayemwambia.

Tunawataka wenye maduka waandike kwenye kila rimu mambo matatu: uzito wake, mzigo inaoweza kubeba, na kiwanda kilichoitengeneza. Muuzaji asiyejua mambo hayo hana haki ya kusema itapaa. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (Kebs) lina wajibu wa kuhakikisha rimu zinazoingia sokoni zimepimwa, kwa sababu rimu si pambo kama kibandiko au taa za rangi. Ni kiungo cha uhai sawa na breki. Nayo Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA), inapozungumza na wahudumu wa boda kuhusu helmeti na leseni, iongeze somo la magurudumu. Wanaoweka sheria wakumbuke kwamba tairi la pikipiki linalogusa barabara ni sehemu ndogo tu, haizidi upana wa kiganja, na ndiyo inayowabeba wananchi kila asubuhi.

Tunawaomba pia wenye pikipiki wanaowakodishia vijana kwa malipo ya kila jioni. Kijana akikwambia rimu ina ufa, usimwambie amalize wiki. Ukiokoa hela ya rimu, unaweza kulipa matanga.

Na sasa turudi kwako, pale mlangoni, rimu ikiwa mkononi. Mwulize muuzaji ina kilo ngapi, na ile ya zamani ina kilo ngapi. Mwulize inabeba mzigo gani. Ipindue, tafuta jina na nambari zilizopigwa kwenye metali yenyewe, si kwenye kibandiko. Pitisha kidole ukingoni, tazama kama unene ni sawa kote. Akikujibu vizuri, na una uwezo, nunua. Utaendesha pikipiki inayotulia, inayopinda unapotaka, na inayosimama pale ulipokusudia.

Akianza kucheka na kukwambia "we nunua tu, boss, hii ni moto", irudishe kwenye msumari wake. Nenda ukanunue tairi la saizi sahihi, ujaze upepo, chenji iliyobaki urudi nayo nyumbani.